Filamu Iliyojifunga Wakati wa Chai

Nyie vijana mnaotengeneza simu kando ya barabara inayoelekea Petite Barrière, geti letu la kuvukia Goma, mkiniona napita mnaniitia, "Mzee Zone! Mzee Zone!" Nami napunga mkono nikijifanya nina haraka. Juzi mmoja wenu, yule mwenye meza ya chaja, aliniuliza kama zamani nilikuwa kiongozi wa zone fulani. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Basi na nyie kaeni, wateja wenu watasubiri kidogo, niwaeleze jina hilo lilitoka wapi na kazi gani niliifanya katika mji huu wa Gisenyi tangu niliporudi kutoka Karagwe nikiwa na nywele zote.

Kazi yangu ilikuwa kuzifanya filamu zikubali kucheza majumbani mwa watu. Msicheke. Ilikuwa kazi kamili, yenye mkoba wake na wateja wake. Siku hizi mtu anagusa kioo na filamu inaanza, mnadhani ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe. Wakati wetu filamu ya kunakiliwa mtaani ilicheza kwenye deki yoyote, hata deki iliyowahi kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Yenye kiburi ilikuwa ile halali, iliyonunuliwa dukani na kuja na boksi lake linalong'aa. Hiyo ilikuja na kufuli. Walioitengeneza walikuwa wanawaogopa wezi, haki yao, lakini mara nyingi aliyefungiwa nje alikuwa mama wa watu aliyetumiwa zawadi na mwanawe.

Kufuli la kwanza ndilo lililonipa jina. Dunia ya diski ilikuwa imegawanywa kwa zone. Amerika ya Kaskazini zone moja, Ulaya zone mbili, sisi huku zone tano. Sasa nyie mnaijua Gisenyi, kila nyumba ina ndugu ng'ambo. Ndugu anakuja likizo na diski ya Ulaya, mama anaiweka kwenye deki aliyoinunua Goma, na deki inamwandikia kwamba zone siyo yenyewe. Anakuja kibandani kwangu na diski kifuani, amefadhaika. "Fundi, hii zone ni nini? Ni kodi?" Namwambia hapana mama, ni mpaka tu, kama huu wetu hapa, ila huo wa diski hauna askari wa kumbembeleza.

Deki nyingi za bei nafuu zilikuwa na mlango wa nyuma uliowekwa na watengenezaji wenyewe. Unafungua kinywa cha deki bila diski ndani, unabonyeza namba fulani kwenye rimoti, kisha sifuri, na deki inakubali zone zote. Kila aina ilikuwa na namba zake, nami nilizijua kichwani kama mlivyojua nyie nyimbo za shule. Deki ambayo haikuwa na mlango huo sikuilazimisha. Niliazimisha ya kwangu ya zone mbili, naifuata kesho yake. Mkoba ulikuwa mzito, bega hili la kushoto mpaka leo liko chini kuliko la kulia.

Kompyuta ndizo zilikuwa kali. Kompyuta ilikuruhusu kubadilisha zone mara tano, halafu basi, ikakaa pale ulipoiacha mpaka kufa kwake. Afande, mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka Uganda na kujenga nyumba kwenye njia ya kwenda Nyundo, hakuniamini nilipomwambia. Alikuwa na diski za binti yake wa Ulaya na za mwanawe wa Canada, akaziweka kwa zamu wiki nzima kama mtu anayekula sahani mbili. Jumamosi akanipigia simu. "Fundi, this is my computer! Nani kaipa ruhusa ya kunihesabia?" Nilipofika ilikuwa imeshagota zone moja. Tangu siku hiyo tuliita kompyuta yake Mmarekani, na mke wake, Mama Kezia, akiifuta vumbi alikuwa anaisalimia kwa Kiingereza.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Bwana Selemani wa Majengo, fundi wa redio, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mpole, hana neno na mtu. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya kazi tulikuwa tumeitwa kwa mwalimu mmoja kule Nyundo. Runinga yao ilikuwa ya zamani, yenye tundu la antena tu, kwa hiyo walikuwa wamepitisha deki ya diski ndani ya mashine ya kanda za video ili ifike kwenye runinga. Picha ikawa inang'aa, inafifia, inang'aa, inafifia. Mwalimu alishawalaumu watu wa umeme, akanunua na kifaa cha kutuliza umeme. Selemani hakushika kitu. Alikaa akatazama kwa muda, akinywa maziwa aliyopewa, kisha akaniuliza kama naona giza linakuja kwa mwendo mmoja. Nikasema naona. "Umeme mbovu hauna mwendo," akasema. "Hili limepangwa na mtu."

Na kweli lilikuwa limepangwa. Diski ilikuwa inatuma fujo makusudi ili kuiharibia mashine ya kanda isirekodi. Mwalimu hakuwa anarekodi, alikuwa anatafuta njia tu ya kufika kwenye tundu la antena. Selemani akatoa mkobani kaboksi kadogo kanakochukua waya za deki na kutoa waya wa antena, akaiondoa mashine ya kanda njiani, picha ikatulia. Shikeni hilo hata kwenye simu zenu: kabla hujafungua kitu kwa bisibisi, kitazame kinavyokosea. Nimewaona mnavyokimbilia bisibisi.

Baadaye zikaja projekta na waya za HDMI, na kufuli likahamia ndani ya waya. Vyombo viwili vinasalimiana kwanza. Kompyuta inauliza, projekta inajibu, na kama projekta ni ya zamani haijui jibu, unapata sauti bila picha. Watu walidhani taa ya projekta imeungua. Mimi nilikuwa natembea na ule waya wa zamani wenye kichwa cha bluu, nauchomeka, picha inapungua uzuri kidogo lakini inakubali. Sauti bila picha. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonikuta uzeeni.

Lakini nimewazungusha kwenye nyaya kwa sababu naogopa kufika ninapotaka kufika. Nataka kuwaambia habari za Mama Neema.

Mnaijua agasobanuye, filamu ambayo mtu ameweka sauti yake juu, akieleza yanayosemwa. Maduka yalinakili filamu, yakabandika sauti, yakauza. Filamu zetu za halali hazikunakilika, kwa hiyo hazikubandikwa sauti. Sauti ililazimika kuja yenyewe kwa miguu. Na ile yetu ilikuja kutoka Goma, asubuhi, na furushi la vitenge kichwani.

Mama Neema alikuwa anauza vitenge akivuka Petite Barrière kila siku kama wenzake. Alisomea Uganda utotoni, Kiingereza alikijua, Kifaransa cha kwao alikuwa nacho, Kinyarwanda alikiokota sokoni. Siku moja alikuja kibandani kwangu kutengenezewa redio, nami nilikuwa najaribu diski ya mteja. Akaanza tu kusema yanayosemwa, taratibu, kama anajisemea mwenyewe. Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Nikaiacha redio yake, nikamwomba aendelee.

Tangu hapo tulikwenda pamoja. Mimi nafungua kufuli, yeye anafungua maneno. Kwa kawaida ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya runinga, sio mbele, mgongo umenyooka, macho kwenye picha. Alikuwa babu, alikuwa mtoto, alikuwa jambazi, alikuwa mchumba wa jambazi, na wote uliwajua kwa sauti. Theluji ilipoonekana, watoto wakauliza ile chumvi yote ya nini, akawajibu bila kupoteza neno la filamu, "Hii ni baridi ya kule mlimani Mudende, ila hapa imekasirika." Waigizaji wakikumbatiana kupita kiasi na mama mkwe yupo sebuleni, alitazama dari na kusema, "Sasa batu banapumuzika kidogo." Na akimwona mjinga anaingia kwenye gari la adui alisahau kazi yake kabisa. "Weye bibi! Usipande hiyo voiture! Ayiwe, iko anapanda!"

Kulikuwa na desturi moja aliyoianzisha yeye. Filamu ikifika katikati, inasimamishwa, analetewa chai ya maziwa yenye tangawizi, na hakuna anayemharakisha. Mtu anayebeba sauti za watu wote wale peke yake lazima koo lipumzike. Wenye nyumba waliipenda chai hiyo. Ndipo watu walipobishana nani ana makosa, nani atakufa, nani ataolewa. Mimi nilipenda kumtazama akishika kikombe kwa mikono yote miwili, hasemi kitu, ametoka kwa watu wote wale amebaki yeye.

Nilimpenda. Nimeshasema mbele yenu na sitalirudisha. Nilikuwa mjane mwenye binti mmoja, Agnes, yeye alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa, hakukuwa na sheria wala mila iliyotukataza. Kilichotukataza ni ulimi wangu. Mbele ya deki niliweza kusema kutwa, mbele ya Mama Neema nilisema, "Umefika?" na "Waya uko sawa." Agnes alichoka na mimi. Wiki moja akaniambia, "Baba, Jumapili hii ukimsindikiza mpakani, mwambie. Usiporudi umemwambia, chakula utajipikia." Nikaapa nitasema. Filamu ikiisha, njiani kuelekea barrière, nitasema.

Filamu ya Jumapili hiyo haikuwa ya diski. Mwana wa Afande aliyeko Canada alikuwa amemkodishia baba yake filamu kwenye mtandao, ikashushwa kwenye kompyuta mpya. Kukodi huko kulikuwa na masharti: filamu inakaa kwako kwa mwezi ikikusubiri, lakini ukishaigusa ianze, una siku mbili tu, halafu inajifunga. Nilimweleza Afande mara mbili. Afande hakutaka kuaibika mbele ya wageni, kwa hiyo Ijumaa mchana, peke yake, akaibonyeza kidogo kuona kama inafanya kazi. Ikafanya kazi. Akaizima, akafurahi, hakumwambia mtu.

Jumapili sebule ilijaa. Filamu yenyewe ilihusu mwanaume anayeendesha mashine ya kuondoa theluji barabarani, katika mji mdogo wa milimani, na mwalimu wa kike aliyekuja kufundisha pale. Wanapendana, lakini mwanaume ni bubu wa kujitakia, na mwanamke amechoka, anataka kurudi mjini. Mama Neema siku hiyo alikuwa juu. Mwanaume yule alimpa sauti nzito, ya kusitasita, na nikahisi masikio yangu yanawaka moto, maana nilijua ameichukua wapi. Ikafika pale mwanamke anashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Mama Kezia akasema chai tayari. Nikasimamisha.

Tulikunywa chai kwa raha zote. Wanawake walisema mwanamke aondoke, wanaume walisema asubiri. Mama Neema aliporudi kwenye kigoda chake nikabonyeza, kompyuta ikaandika kwamba muda wa kukodi umekwisha. Nikabonyeza tena. Nikazima, nikawasha. Nikamtazama Afande, na Afande akatazama dirishani. "Fundi," akasema polepole, "suppose mtu alibonyeza Ijumaa, ingekuwa ni tatizo?"

Sikuwahi kuona mke akimtazama mumewe hivyo. Afande akataka kurekebisha mambo kijeshi, akairudisha nyuma tarehe ya kompyuta iwe Ijumaa. Msifanye hivyo kamwe. Filamu za namna hii huwa zinaulizana saa na wenyewe huko mbali, zikigundua umewadanganya zinafunga na vilivyokuwa wazi. Ikafunga akaunti nzima ya kijana, naye akapiga simu kutoka Canada akiuliza ni nani huko nyumbani anacheza na mambo yake. Mwisho wake akatulia, akasema ataifungua na kuikodi tena kwa ajili ya Jumapili ijayo. Muda ulikuwa umekwenda, barrière itafungwa, Mama Neema akajifunga kitenge, tukatoka.

Nilimbebea karoti alizopewa na Mama Kezia. Njia nzima tulizungumzia filamu. Alisema yule mwanamke hana nia ya kuondoka kweli, anataka kuombwa. Nami nikasema labda mwanaume hajui namna ya kuomba. Akapunguza mwendo. Ilikuwa nafasi, vijana wangu, nzima, imefunguliwa mbele yangu. Nikajiambia filamu haijaisha, niliapa kusema filamu ikiisha, Jumapili ijayo itakuwa vizuri zaidi. Tukafika. Wabeba mizigo walikuwa wanakimbizana kuvuka.

"Bon, Fundi," akasema. "Juma mungu ijayo tunamaliza."

"Tunamaliza," nikasema, nikampa karoti zake, nikageuka.

Wiki hiyo hiyo mpaka ukafungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Goma tunaiona kutoka hapa, tunasikia hata muziki wao, lakini ilikuwa kama iko upande mwingine wa dunia. Simu yake ikaacha kupatikana. Mpaka ulipofunguliwa, wenzake wauza vitenge walirudi mmoja mmoja, nikawauliza wote. Wakaniambia binti yake alijifungua Lubumbashi, akamwita mama yake, naye akaenda huko kwa kuzunguka. Namba yake mpya hakuna aliyekuwa nayo.

Kazi yangu nayo ikaisha kimyakimya katika miaka hiyo. Watu walihamia kwenye simu, deki zikageuka vitu vya kuwekea maua. Ile filamu ilikuwepo, mtu yeyote angeweza kuitazama. Sikuitazama. Mama Kezia naye alikataa, alisema bila Mama Neema ni picha za watu wanaochezesha midomo. Afande peke yake aliimaliza, kwa siri, halafu ikawa inamwasha mdomoni. Nikikutana naye sokoni ananishika mkono, "Fundi, let me tell you, mwishoni yule mwanaume..." nami naacha nyanya zangu, nakimbia. Mzee mzima anamkimbia mzee mwenzake kati ya mafungu ya viazi. Wauzaji walidhani namdai au ananidai.

Nilikuwa namkumbuka sana. Naweza kusema tu hivyo. Nilikumbuka sauti yake kuliko uso, na kinachouma ni kwamba hakuna mahali ilipobaki. Wale wa maduka, sauti zao zimo kwenye nakala, utazikuta mpaka leo. Sisi tulikuwa watu wa halali. Filamu zote tulizozionyesha zipo salama ndani ya kufuli zao, na sauti ya Mama Neema haimo hata kwenye moja.

Mwaka huu mama mmoja wa vitenge alipita nyumbani kwangu akaniandikia namba mpya ya Mama Neema. Nilikaa nayo kutwa nzima. Agnes akainyakua, akapiga, akanipa simu sikioni.

"Ni nani?"

"Ni mimi. Fundi."

Akauliza, bila hata salamu, "Ule bibi alienda?"

"Sijui," nikasema. "Sijaitazama."

"Mi pia sijaangalia." Sauti yake ilikuwa imekwaruza, ikikatika mwishoni mwa maneno. Akaniambia koo linamsumbua, daktari anataka kumpasua, hajui sauti itakayobaki ni ya namna gani. "Donc tumalize kwanza, mbele ya hiyo. Mi sipendi kuacha kazi nusu."

Ndivyo tulivyopanga, mchana, sebuleni kwa Afande palepale. Huku kwetu filamu ilikuwemo kwenye huduma anayolipia Agnes. Yeye kule Lubumbashi ikamwambia haipatikani katika nchi yake. Zone, vijana. Walibadilisha nguo tu. Nikasema si kitu, nitamwonyesha kioo cha simu yangu kupitia simu ya video. Nikafanya hivyo. Kwangu picha, kwake giza. Filamu za kufuli hazikubali kuonyeshwa hivyo, zinakiziba kioo cha mwenzako, na sauti tu ndiyo iliyompata.

Najua mnachojiandaa kusema: si ungeiweka kwenye runinga, ukaelekeza kamera pale? Nilimwambia hivyo hivyo. Akakataa.

"Acha," akasema. "Sauti iko nasikia, inatosha. Miaka yote ile mi nilikusemea. Leo weye unisemee picha."

Basi tukaanzia pale pale, sanduku linashuka kutoka juu ya kabati. Simu niliiweka kwenye kigoda chake. Mama Kezia, Agnes na Afande wakakaa, Afande ameapishwa asitamke mwisho. Mama Neema alisikiliza maneno kutoka kwenye simu, akayatafsiri, na ile sauti iliyokwaruza ikaijaza sebule. Nami kila alipotulia nilisema: mwanamke anakunja blauzi. Mwanaume yuko nje, anafuta kioo cha mashine. Mwanzoni nilikuwa nasema kama naorodhesha nyaya. Akanigombeza. "Fundi, uso wake iko namna gani? Mi sioni uso wake." Nikajifunza kusema nyuso. Mama Kezia alilia mapema, hata kabla ya sababu.

Mwishoni theluji imeanguka usiku kucha na barabara imefungwa. Basi la kwenda mjini haliwezi kutoka. Mwanamke yuko ndani ya basi na sanduku lake. Kama barabara ingebaki hivyo asingeondoka. Na mwanaume anawasha mashine yake, anaanza kufungua njia, taratibu, basi likimfuata nyuma. Hakuna anayesema neno. Muziki hakuna. Ni ile mashine tu inanguruma.

"Sasa nini?" Mama Neema akauliza. "Mi nasikia tu motere."

"Anamfungulia barabara," nikasema. "Yeye mwenyewe. Amefika kwenye njia panda, amejiweka kando, basi linapita."

"Bibi iko anamuangalia?"

"Anamwangalia. Ameweka kiganja kwenye kioo."

"Na bwana? Anasema nini?"

"Hasemi kitu."

"Mudomo yake haichezi?"

"Unacheza kidogo. Lakini hakuna sauti."

"Donc hiyo ni kazi yako," akasema. "Semea ule bwana."

Sebule nzima ilinitazama. Basi lilikuwa linapotea kwenye ukungu na mwanaume yule bado amesimama kando ya mashine yake. Nikafungua mdomo nikidhani nitamsemea yeye.

"Mama Neema," nikasema, "sikutaka uende."

Agnes akainama kuangalia kama simu imekatika. Haikuwa imekatika. Majina ya waigizaji yalikuwa yameanza kupanda.

"Siku ile," akasema, na hakuwa anatafsiri mtu, "nilivuka, nikasimama kule upande yetu na karoti ku mikono. Nilisimama mpaka wakafunga barrière. Nilisema pengine Fundi atarudi."

Nikatazama majina yakipanda, marefu, ya watu wengi nisiowajua, mpaka yakaisha, na kioo kikawa cheusi kwangu kama kilivyokuwa kwake.